Bima ya afya: tuwe na mfuko mmoja, si utitiri wa makampuni

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalowagusa wakulima na wafanyakazi wa nchi hii, nalo ni bima ya afya. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, mengi yamesemwa redioni na magazetini kuhusu viwango vya michango na vitita vya huduma. Swali ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha ni hili: fedha hizo zikishachangwa, zikae katika mfuko mmoja wa umma, au zigawanyike katika makampuni ya bima ya watu binafsi, kila moja likitafuta wateja wake? Sheria yenyewe imeacha mlango wazi kwa skimu za umma na za binafsi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kilangala, mkoani Lindi, na maoni yangu ni kwamba mfuko uwe mmoja.

Watu wa mjini wanapozungumza juu ya bima huhesabu kwa mwezi: mshahara wa mwezi, makato ya mwezi. Mkulima wa pwani hii hana mwezi, ana msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia mwezi wa kumi. Nje ya hapo, hasa wakati wa masika, mtu ana muhogo wake shambani, nazi chache, na samaki akibahatika. Maradhi hayangoji mnada. Tena malaria hupamba moto wakati wa mvua, yaani wakati ule ule ambao mfuko wa mkulima umekauka. Mtoto akizidiwa usiku, au mama akihitaji kupasuliwa Lindi mjini, mzee wa nyumba hufanya nini? Humwendea mwenye fedha, na mwenye fedha humwambia: nipe korosho zako.

Hiyo ndiyo kangomba, ambayo wasomaji wa mikoa mingine huisikia tu kwenye taarifa ya habari. Korosho zinauzwa zingali mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mwenye shamba anaokota mali ya mtu mwingine. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo na wanunuzi wake hukamatwa. Ni haki kabisa. Lakini sisi tunaoishi na wauzaji tunajua kwamba si wote wanaouza kwa sababu ya ulevi au uvivu, kama wanavyosemwa. Wako wanaouza kwa sababu kuna mgonjwa ndani. Askari anaweza kukamata gunia. Hawezi kukamata homa ya mtoto iliyomlazimisha baba yake kuuza gunia hilo. Ukitaka kujua bima ya afya ina maana gani kwa mkulima wa Kusini, anza hapo: ni kinga ya zao lake.

Mimi mwenyewe kadi ninayo. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, na kadi hiyo humhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Mfuko huu wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi 2001. Nilipoajiriwa baada ya kumaliza chuo cha ualimu, hakuna aliyeniuliza kama nina kisukari, wala babu yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Nilikatwa kama walimu wenzangu wote nchini walivyokatwa, mzima na mgonjwa, kijana na anayekaribia kustaafu. Jirani yangu anayelima ekari tatu za ufuta hana mpango kama huo. Kwake upo Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kuboreshwa mwaka 2018, ambapo kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia Sh. 30,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazikuwa nyingi, lakini kujiunga kulikuwa kwa hiari, na hapo ndipo penye tatizo ambalo nitalieleza.

Kwanza nikumbushe tulikotoka, maana vijana wengi wanadhani kulipia matibabu ni desturi ya tangu enzi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na matibabu katika vituo vyake yakawa bila malipo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kwa mamilioni kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1977 ilitungwa sheria ya kuzuia uganga wa kibiashara, na hospitali za mashirika ya dini, kama zile za Ndanda na Nyangao huku kwetu Kusini, zikaendelea na kazi yake. Mfumo ule, ukiutazama vizuri, ulikuwa ni mfuko mmoja: taifa zima lilikuwa likilipa kwa njia ya kodi, na mgonjwa hakulipa mlangoni.

Mfumo ule ulikwama. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuanguka kwa bei za mazao yetu viliiacha hazina ikiwa tupu. Zahanati zilibaki na majengo na mganga mwenye moyo, lakini kabati la dawa likawa halina kitu. Mwaka 1991 uganga wa binafsi ukaruhusiwa tena, na mwaka 1993 tukaingia katika kuchangia gharama kwenye hospitali za serikali. Wako wanaosema kwamba kushindwa kule ni ushahidi kuwa umma hauwezi kugharamia matibabu ya watu wake. Mimi naona wanachanganya mambo mawili. Kilichokosekana ni fedha ndani ya mfuko. Wazo la kuwa na mfuko mmoja halikuwa na kosa. Ndoo ikikauka hatusemi kwamba kubeba maji kwa ndoo ni ujinga.

Sasa nirudi kwenye hiari. Bima ni mchezo wa hesabu, na hesabu yake hata mtoto wa darasa la tano anaielewa. Watu mia wanachanga, kumi wanaugua, michango ya mia inawatibu kumi. Lakini ukisema anayetaka ajiunge na asiyetaka abaki, watakaokimbilia kwanza ni wale kumi wanaougua. Wazima watasema tutajiunga tukiumwa. Hapo mfuko unabaki na wagonjwa watupu, unapandisha ada, wazima wachache waliobaki nao wanatoka, na ada inapanda tena. Tuliliona jambo hili kwa macho yetu katika Toto Afya Kadi. Mzazi alikuwa akilipa Sh. 50,400 kwa mwaka, mtoto akatibiwa. Mwezi Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na maelezo ya Mfuko yalikuwa kwamba walioandikishwa wengi ni watoto waliokwisha kuugua na gharama zimezidi michango. Wazazi walilalamika, nami nawaelewa. Lakini Mfuko nao ulikuwa ukieleza ukweli wa hesabu: hiari haiwezi kubeba wagonjwa.

Sasa kama mfuko wa umma, usiotafuta faida, umelemewa na hiari, kampuni ya biashara itafanya nini? Itafanya lile ambalo biashara yoyote ingefanya. Itachagua. Itamtaka kijana wa miaka 25 mwenye ajira Dar es Salaam, na itamkwepa bibi wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu. Ikimchukua, itamtoza ada ya juu, au itaandika kwenye karatasi kwa maandishi madogo kwamba maradhi aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga hayahusiki. Simlaumu mwenye kampuni, kwa kuwa ana wanahisa wanaongoja gawio lao. Ninachosema ni kwamba kazi ya kuchagua wazima na kuwaacha wagonjwa ni kinyume kabisa cha kazi tunayoitaka ifanywe. Na tusidanganyane, tangu nihamie hapa sijamwona wakala hata mmoja wa kampuni ya bima ya binafsi akishuka Kilangala na mkoba wake kutafuta wateja. Makampuni yakiachiwa uwanja yatachukua wenye mishahara minono, na mfuko wa umma utabaki na wakulima, wavuvi, wazee na wagonjwa. Kisha baada ya miaka michache watatuambia: mnaona, mfuko wa umma una hasara!

Kuna faida nyingine ya mfuko mmoja ambayo watu wa korosho wanapaswa kuielewa haraka kuliko watu wote. Zamani kila mkulima aliuza peke yake, mnunuzi akampangia bei nyumbani kwake. Chini ya stakabadhi ghalani tunakusanya mali kupitia AMCOS, chama kikuu kinaipeleka mnadani, na wanunuzi wanashindana. Nguvu yetu ni kuwa muuzaji mmoja mbele ya wanunuzi wengi. Matibabu ni vivyo hivyo, ila kinyumenyume: tuwe mnunuzi mmoja mbele ya wauzaji wengi. Mgonjwa akiwa peke yake na maumivu yake hawezi kujadili bei ya upasuaji. Mfuko unaobeba mamilioni ya watu unaweza.

Mfano tunao wa mwaka 2024. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulitoa kitita kipya cha bei kilichoanza kutumika tarehe 1 Machi, na baadhi ya hospitali kubwa za binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake zikidai bei hizo ni za chini mno. Siku zile wanachama waliokatwa mishahara yao kwa miaka walijikuta wanarudishwa mlangoni. Lilikuwa jambo la aibu na halifai kurudiwa. Lakini lichunguze kwa makini. Mabishano yale yalifanyika hadharani, kati ya taasisi na taasisi, na waziri akaulizwa maswali. Mgonjwa asiye na mfuko hubishana na karani wa malipo dirishani, peke yake, na hakuna gazeti linaloandika habari zake.

Nieleweke vizuri hapa. Sisemi hospitali za binafsi zifungwe kama ilivyojaribiwa mwaka 1977, wala za dini zitaifishwe. Mlipaji awe mmoja, watoa huduma wawe wengi. Mtu wa Mtama akitaka kwenda Nyangao aende, wa Kilwa aende Kivinje, wetu aende Sokoine mjini Lindi, na mfuko ule ule ulipe.

Mambo haya hayakubuniwa na mwalimu wa kijijini. Waingereza walianza huduma yao ya taifa ya afya tarehe 5 Julai 1948, nchi ikiwa imechoka kwa vita na chakula kikigawiwa kwa kadi. Hawakungoja wawe matajiri kwanza. Kanada walianzia jimbo moja la wakulima wa ngano, Saskatchewan, mwaka 1962. Madaktari wa huko waligoma wakidai uhuru wao unaporwa, serikali ya jimbo ikashikilia msimamo, na baada ya miaka michache mpango ukaenea nchi nzima. Daktari wa Kanada hadi leo ana chumba chake mwenyewe cha kutibia, lakini anayemlipa ni mfuko wa umma wa jimbo lake. Jirani zao Marekani walikwenda njia ya makampuni. Wanatumia kwenye matibabu kiasi cha asilimia 17 ya pato lote la taifa lao, kuliko nchi yoyote nyingine kubwa, na bado hesabu za mwaka 2023 zilionyesha watu wapatao milioni 26 hawana bima yoyote. Sehemu ya fedha hizo huliwa na makarani wa kampuni wanaotafuta sababu ya kutolipa, na makarani wa hospitali wanaobishana nao.

Atakayesema hizo ni nchi za matajiri, tumtazame jirani. Rwanda si tajiri kuliko sisi. Huko bima ya jamii, waiitayo mutuelle, imefikia zaidi ya watu 8 katika kila 10. Tangu mwaka 2015 inasimamiwa na bodi moja ya hifadhi ya jamii, na serikali huwalipia walio maskini kabisa. Kenya nao wamebadili mfumo wao kuanzia Oktoba 2024, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Ila Wakenya wametupa na onyo: wasio na ajira rasmi walianza kwa kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na wengi walishindwa. Mama anayeuza mboga hana mkupuo. Mkulima wa korosho anao, lakini kwa wiki mbili tu za mwaka!

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, hapa ndipo ninapoona wataalamu wetu wanapaswa kushuka vijijini kabla ya kutangaza viwango. Mwaka 2022, muswada ulipoletwa mara ya kwanza, kilitajwa kiwango cha Sh. 340,000 kwa kaya ya watu sita. Wananchi walishtuka na muswada ukarudishwa kufanyiwa kazi. Tatizo halikuwa ukubwa wa fedha peke yake. Ukimwendea mkulima mwezi wa tatu ukamwambia alete hata robo ya fedha hizo, hana. Mwendee mnadani. Kila kilo ya korosho au ufuta inayopita ghalani tayari inakatwa: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji. Mkulima amezoea makato, na malalamiko yake ni kwamba haoni yanarudi wapi. Makato ya bima yawekwe hapo kwa kilo, mwenye tani nyingi achange zaidi, mwenye magunia mawili achange kidogo, na jina la kila mmoja liingie katika mfuko siku ile ile. Hili ndilo kampuni haliwezi kulifanya hata likitaka, kwa sababu kampuni halina mamlaka juu ya mnada. Umma unayo.

Asiye na zao wala mshahara naye asiachwe. Sheria ya 2023 imetaja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, vikiwamo ushuru wa vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Vyanzo hivyo naviunga mkono kwa mikono miwili, hasa hicho cha kubahatisha, maana vijana wetu wanakesha nacho kwenye simu. Na kaya maskini zinajulikana. TASAF wanazo orodha zake kijiji kwa kijiji. Orodha hizo zina kasoro na manung'uniko, lakini ni afadhali kuanza nazo huku zikisahihishwa kwenye mkutano wa kijiji kuliko kuanza upya.

Najua jibu litakalotolewa dhidi yangu: fedha za umma zitaliwa. Hoja hii ina uzito na sitaikwepa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimewahi kueleza juu ya madai ya udanganyifu katika bima, na juu ya taasisi za serikali zilizokopeshwa fedha za Mfuko zikachelewa kurejesha. Fedha ya mgonjwa haikopeshwi kujengea majengo, na jambo hilo liwekwe katika sheria kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili. Lakini tuulize pia: hayo tumeyajuaje? Tumeyajua kwa sababu mfuko ni wa umma na mkaguzi wa umma ameingia humo na taarifa ikasomwa bungeni. Kampuni ikimnyima mjane fidia yake, ni ripoti gani itakayosomwa bungeni? Mwizi wa mali ya umma tunaweza kumtaja na kumfukuza. Faida ya kampuni si wizi, ni halali yake, na haitarudi zahanati kamwe.

Kuna la mwisho ambalo kadi peke yake haiwezi kulitatua, iwe ya umma au ya kampuni. Mwezi Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Kusini katika Wilaya ya Kilwa, mikoa ya Lindi na Mtwara ilitengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mgonjwa wa rufaa ya Muhimbili angepitia wapi? Ndiyo maana hospitali ya rufaa ya kanda iliyojengwa Mtwara ni jambo la kushukuru, na ndiyo maana mfuko mmoja unatakiwa utazame nchi nzima: kampuni hujenga pale penye wateja wenye fedha, mfuko wa taifa unaweza kupeleka fedha pale penye wagonjwa. Vivyo hivyo dawa. Mwanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii anayeandikiwa karatasi na kuambiwa akanunue dukani hatalipa tena mwakani, na atawaambia wenzake kumi wasilipe. Mchango ukikatwa mnadani mwezi wa kumi, dawa ziwe zimefika kwenye kabati la zahanati kabla ya masika. Wakulima watalipima jambo hili lote kwa kabati hilo, si kwa hotuba.

Nawaomba wabunge wa mikoa ya Kusini waliulize Bungeni swali hili moja kabla kanuni na viwango havijatuzoea: makampuni ya bima yakishachukua wenye mishahara, ni nani atakayechanga pamoja na mkulima wa Kilangala?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilangala, Lindi.